Mpira wa Silivu ya Tatu

Fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili alitaja laki tisa
kabla hajafungua boneti.
Nikamshukuru, nikarudi Makorora kwa miguu.

Pijo la boksi la marehemu baba
lilikuwa linakunywa maji kuliko ng'ombe.
Ukichomoa kijiti cha oili
kinatoka na chai ya maziwa.
Baba angesema: ukiona maji na mafuta yamepatana,
ujue mwenye nyumba kaibiwa.

Basi nikatandika turubai uani.
Mbaruku, tuliyekua naye ukuta mmoja,
akaja na tochi ya kufunga kichwani,
tukapanga bolti kumi kwenye trei la mayai,
kila moja na namba yake ya chaki,
maana bolti ni ndugu, si pacha.

Siku ya kwanza silinda hedi haikutoka.
Tuliigonga kwa nyundo ya mti, tukaibembeleza,
Mbaruku akaitukana kwa Kidigo.
Siku ya pili, saa nne, ikakohoa, ikaachia.
Tukaivuta juu kwa kamba ya mkonge
iliyopita kwenye boriti ya banda.
Kuku wote wakahama.

Ndani, kutu rangi ya barabara ya Muheza,
na silivu nne zimekaa majini.
Kila silivu imevaa mipira miwili kiunoni,
myembamba kama bangili za mtoto.
Gari la tani nzima,
na roho yake iko kwenye mpira wa elfu tatu.

Silivu ya kwanza: mipira imekauka,
inavunjika kama biskuti.
Ya pili vile vile.
Ya tatu
mpira mmoja haukuwa wa gari.
Ulikatwa kwa wembe, na mkono uliotulia,
ubavuni una nusu ya kiraka chekundu
ninachokijua, kwa kuwa nilikibandika mimi
nikiwa darasa la sita.

Mwaka ule baiskeli yangu ililala chali mwezi mzima.
Tyubu ya nyuma ilipotea usiku.
Tulimshuku Mbaruku. Nani mwingine?
Alikuwa na manati.
Mamake alimchapa kwa ufagio wa chelewa, pale pale uani,
na baba kasimama mlangoni na kikombe cha kahawa,
akasema: basi, mwacheni mtoto.
Nikadhani ni huruma.

Mbaruku aliumulika mpira.
Akauvuta, ukanyooka, ukarudi.
"Miaka ishirini na sita," akasema,
"na wenyewe haujavuja. Ya dukani ndiyo iliyovuja."

Nikatafuta neno. Nililopata ni jina lake.
"Mbaruku..."
"Nipe sabuni," akasema.

Kwa sababu mpira mpya hupakwa sabuni, si grisi.
Tukasukuma silivu kwa viganja,
ikashuka taratibu, kama mgeni anayekalia kiti kipya.
Gasketi. Hedi. Bolti kumi:
unaanza katikati, unakwenda nje,
kama unavyosambaza wali kwenye sinia
wa pembeni wasibaki na njaa.
Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu,
kwa spana ya kipimo tuliyoazima
kwa fundi yule yule wa laki tisa.
Alitutoza elfu tano na kicheko.

Liliwaka mara ya nne.
Moshi mweupe, moshi wa kijivu, kisha hewa tu.
Tukalaza katoni chini yake mpaka asubuhi.
Asubuhi katoni kavu, ila tone moja.
Mbaruku akainama, akalinusa.
"Hili la kuku," akasema.

Mpira wa zamani hakuutupa.
Jana nilimwona Mgandini anachagua nyanya,
ameuvaa mkononi, kiraka juu, kama saa.

Mamake sasa yuko Mabawa, macho hayaoni vizuri.
Jumapili nitakwenda kwake, na Pijo.
Sijui nitaanzia wapi.
Labda katikati, halafu niende nje.