Jicho la Tatu

Jiko lina macho manne; la tatu halijawaka tangu mfungo.
Fundi wa Makadara akatikisa kichwa: koili imekufa, mama.
Elfu tatu na mia tano.

Alipoondoka nikazima swichi kubwa ukutani,
nikagusa kwa testa, nikagusa tena,
umeme siuamini.
Nikaing'oa koili, nikaichomeka kwa jirani yake,
nikawasha:
ikaiva nyekundu kama achari.

Kumbe maiti yu hai.

Nikazima, nikainua kifuniko.
Chumvi ya hewa ya Tudor imekula skrubu.
Punje za iliki, nyeusi. Ukoko wa wali wa Idi gani sijui.
Na waya mmoja, umeungwa kwa plasta ya kidonda.

Plasta!
Mkono wa Badi huu.
"N'shalitengeza, Mwanasiti. Wewe pika tu."
Na miaka sita nikapika.

Nikakata palipoungua, nikaumenya waya mpaka shaba ikacheka,
nikabana kichwa kipya cha shilingi themanini.

Usiku nilichemsha maji matupu, bila majani wala sukari,
nikayatazama yakitokota.

Plasta nimeitia kwenye kopo la vifungo.
Ya nini, sijui.