Kidole cha Zambarau

Agosti, ukija Montana, usimuulize mtu
beri zake za mwitu huzichuma wapi.
Atakuelekeza mlima mwingine.
Hata shemeji yangu Alphonse, anayeungama kila Jumamosi,
hilo hajawahi kumwambia padri.

Tulipanda wawili, mimi na dada yangu Verlene,
hadi pale moto ulipoila misonobari
miaka kumi na minne iliyopita.
Moto ule ule uliotutoa vitandani usiku
ndio uliovifungulia vichaka mlango wa jua.

Hazilimwi hizi. Watu wamejaribu:
wamezing'oa, wamezipandikiza,
wamezibembeleza kwa mbolea na maji ya bomba.
Zikanyauka kwa kiburi.
Zinataka theluji yao, mteremko wao,
udongo wao uliochacha,
na dubu wao.

Kopo la kahawa kiunoni, mikono yote miwili huru.
Ta. Ta. Ta. Ndivyo kopo linavyoanza kusema,
kisha linanyamaza,
maana sasa beri zinaangukia beri.
Verlene anaimba vibaya, kwa makusudi,
ili mwenye makucha ajue tupo
na ahame kwa heshima zake.

Mama alizianika juu ya turubai
mpaka zikakunjamana kama ngozi ya kiwiko.
Januari, barabara ikizibwa na theluji,
kiganja kimoja kwenye mchuzi wa kulungu
na nyumba nzima ilinukia Agosti.
Majani aliyachemsha. "Ya nini, mama?"
"Ya kunywa," alisema. Basi.

Daktari mpya wa kliniki, kijana mwenye viatu vya mbio,
anasema rangi hii nzito ina kinga ndani yake,
huenda inalinda mishipa, huenda inafaa macho,
huenda, kwa mtu wa kisukari kama Verlene,
ni tamu isiyo na hila nyingi, ikiliwa kwa kiasi.
Nilizihesabu "huenda" zake: tano.
Nikampenda kwa hizo tano.
"Lakini dawa," akasema, "usiiache nyumbani."

Saa sita tukaketi juu ya gogo lililoungua.
Verlene akatoa kipimo chake, akajichoma kidole,
tone likatoka, jekundu juu ya zambarau.
Mashine ikafikiri.
Mia tatu themanini na saba.

Sikumbuki nani alisimama kwanza.
Nakumbuka kopo langu likibingirika mteremkoni,
asubuhi nzima ikimwagika kati ya mawe,
na mimi nikipiga hesabu: gari liko mbali kiasi gani,
nitambeba vipi mwanamke aliyenizidi kilo ishirini,
nitamwambia nini Alphonse.

Verlene alikitazama kidole chake.
Akakilamba.
"Tamu," akasema. "Mjinga wewe, tumepima beri."

Kijito kilikuwa hatua thelathini chini yetu,
maji ya theluji, yanayouma mpaka kwenye meno.
Akanawa, akasugua kwa mchanga, akafuta kwa shati langu,
akajichoma tena kidole cha pili.
Mia moja kumi na tisa.
Tulicheka mpaka tukalia,
au tulianza kwa kulia, sina hakika,
na kama dubu alikuwapo, alitusamehe.

Nilizookota zilijaza nusu ya kopo.
Sasa zimo ndani ya friza, kwenye mfuko ulioandikwa
kwa mwandiko wa Verlene: PAI YA KRISMASI,
na chini yake: WEWE USIGUSE, nami najua wewe ni nani.

Jumapili, wakati wa kupeana amani,
mikono ilinyooshwa kutoka kila benchi:
kucha za zambarau, viganja vya zambarau,
hata padri, doa moja, chini ya pete ya kidole gumba.
Tukashikana, tukatabasamu.
Hakuna aliyeuliza wapi.