Saa Iendayo Mbio

Plovdiv, mwezi wa tatu. Kifundoni mwa binti yangu
uzi mwekundu umesokotwa na mweupe,
desturi yetu ya kumngoja korongo arudi.
Ralitsa ana miaka kumi na sita.
Wekundu wake mwingine haujaja tangu Septemba.

Mama yake yuko Bari, anauguza bibi wa watu kwa mshahara,
hivyo ni mimi, fundi saa,
niliyezoea skrubu ndogo kuliko chawa,
niliyeketi kliniki nikifinyanga kofia kama mshtakiwa.

Daktari Hadzhieva hakuniangalia. Alimtazama yeye.
"Hukujifanyia," alianza na hilo.
Kisha akachora: ubongo, na chini yake tezi, punje ya njegere.
"Humu mna mapigo. Yako yanakimbia.
Kila pigo, tezi inaziandikia ovari barua,
barua ya aina moja, nyingi mno,
na ile nyingine, ya kukomaza yai, inakuja chache.
Ovari zinatii. Zinapika homoni za kiume
ambazo kila msichana anazo, ila wewe umepakuliwa zaidi.
Insulini ikijaa damuni nayo inachochea kuni.
Basi mayai yanaanza safari, yanasimama,
yanabaki madogo, yamepanga foleni kama..."
Hapo ndipo aliponigeukia.
"Kama wateja wako, bwana, siku ya Jumatatu."
Nikacheka. Aibu ikanipungua nusu.

Niliuliza: nani alianza? Ubongo, ovari, au hiyo insulini?
"Yai na kuku," akasema. "Wengine wanashuku hata tumbo la mama,
kabla mtoto hajapewa jina."

Hilo sikumwambia Zhivka kwenye simu.
Zhivka hulala na lawama kama wengine walalavyo na mto.

Picha ya ultrasound daktari hakuitaka.
Umri huu, alisema, ovari nyingi zina sura hiyo,
tungejitisha bure.

Usiku, mlango wa bafu umeachwa wazi,
nikamwona mbele ya kioo, kidevu juu,
akinyofoa. Moja. Moja. Moja.
Ndipo nilipojua kibano changu cha Uswisi
kilikuwa kinakwenda wapi miezi yote hii.

Kesho yake dukani, katikati ya saa arobaini
ambazo hakuna mbili zinazokubaliana, akauliza:
"Baba, saa ikikimbia, unaifanyaje?"
Nikajibu kifundi, bila kufikiri:
"Unashusha uzito."

Akanyamaza.
Neno hilo ameshaambiwa na shangazi,
na mwalimu wa michezo, na muuza sketi.

"Wa pendulamu!" nikapayuka. "Uzito wa pendulamu, mwanangu!
Unaushusha kidogo kwenye ufito,
robo mzunguko wa nati, usizidishe,
kisha unangoja siku nzima, unasikiliza."
"Siku nzima?"
"Pengine wiki. Saa za zamani ni kaidi."
Akanitazama kwa muda,
halafu akacheka na kulia kwa uso uleule mmoja.

Korongo alipita tarehe kumi na moja Aprili.
Wenzake wamefunga nyuzi zao kwenye mplamu wa shule.
Wake bado uko mkononi, umechakaa, mwekundu umekuwa waridi.
"Ngoja kwanza," anasema,
sikio kwenye kabati la saa ya mteja, akihesabu.

Nimemnunulia kibano chake, cha Uswisi kama changu.
Sikusema kitu.
Nilikiweka kando ya mswaki.