Saa Moja Kasoro Dakika Ishirini

Kabla hatujapanda hata unyasi mmoja
tulipima udongo.
Mafuta, risasi, majivu ya makaa ya mawe,
na mkojo, alisema Jadwiga, wa farasi na wa wanaume
wa miaka mia na arobaini.
Tukafukua kina cha goti, tukaleta udongo mwingine kwa malori,
maana ardhi nayo, ikichoka, huogeshwa, huvishwa.

Hapa Derby, nyuma ya karakana iliyofungwa,
palikuwa na njia kumi na moja za reli.
Nazijua kwa mgongo.
Mimi ndiye niliyeng'oa mataruma,
mtaimbo mkononi, mvua shingoni,
parafujo nene kama dole gumba, na kila moja na kiburi chake.
Cha kale hakitoki kwa kubembelezwa.

Lakini ile miti myembamba yenye gome jeupe
hatukuipanda sisi.
Ilijiotea kwenye kokoto
siku ileile, nadhani, treni ya mwisho ilipopita.
Na lile gugu la maua ya manjano
lilisafiri bila tikiti,
mbegu zake zikikokotwa na upepo wa mabehewa
stesheni hadi stesheni,
likashuka lilipochoka, likakaa.
Msanifu aliandika kwenye ramani: mgeni, ling'olewe.
Niliishika ile ramani, nikanyamaza kidogo.
Kisha nikasahau kuling'oa.
Wiki iliyofuata nikasahau tena,
mpaka kusahau kwangu kukawa sehemu ya mpango.

Mzee Allsop huja kila asubuhi.
Hana mbwa, hakimbii, halishi bata.
Husimama karibu na bembea,
pale ambapo kwenye picha ya zamani pana jukwaa la tatu,
akatoa mfukoni saa ya mnyororo.
"Sita na arobaini," huniambia,
na kichwa changu kinageuza chenyewe:
saa moja kasoro dakika ishirini.
Miaka ishirini na miwili katika mji huu
bado nahesabu tangu macheo,
hata Desemba, jua linapochelewa kuliko watu.
Basi treni yake na yangu hazikutani:
yake imechelewa miaka thelathini na minne,
yangu saa sita tu.

Alikuwa mwunganishaji wa mabehewa.
Mkono wake wa kulia una vidole vitatu.
"Viwili vimo humuhumu," alitwambia tulipokuwa tukichimba,
"tazameni vizuri."
Jadwiga alicheka. Halafu, niliona,
akaanza kutia sururu polepole.

Siku meya alipokata utepe
alisema "kuzaliwa upya" mara tano.
Allsop alipenga kamasi mara tano.
Kisha akanivuta kando: angeweza kupata taruma moja?
Moja tu.
Haiwezekani, nikamwambia, yana sumu,
yamehesabiwa, yanakwenda kuchomwa.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea
kuambiwa na ofisi kwamba haiwezekani.

Tuliliiba Jumanne usiku.
Jadwiga mbele, mimi nyuma, lami ikitunata mabegani,
tukapita mbele ya duka la chipsi
kama wachukuzi wa jeneza la mtu tusiyemjua jina.
Kijana mmoja alivua kofia.
Hatukumweleza.

Sasa limelala mlangoni kwake, upande wa uani, kama kizingiti.
Siku za joto, ambazo hapa zinahesabika,
linatoka jasho jeusi, linachafua viatu,
nyumba nzima inanuka stesheni.
Binti yake ananung'unika, anataka kulifunika zulia.
"Liache," mzee humjibu, bila kugeuka.
"Liache litoke jasho. Lilifanya kazi."