Kona ya Ishirini na Nne

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu alfajiri,
kituo cha petroli cha Jesenice kinanuka kahawa na mpira.
Tunafika mmoja mmoja, kama madeni,
ila haya twayapenda.
Slavica na ile nyekundu yake inayokohoa tangu kiwandani.
Jernej, mwalimu wa hesabu, kafunga mizigo utadhani anahama.
Bogdana na mwanawe Tilen, mwenye leseni ya wiki tatu
na glavu mpya ambazo bado zinalia zikikunjwa.

Mimi ni wa nyuma.
Mwaka wa kumi na tisa huu, mimi ni mkia wa msafara,
na mkia hauulizi kichwa kinakwenda wapi.
Nyuso zao nazijua nusunusu; migongo yao naijua yote:
bega la Slavica hupanda akiogopa,
Jernej hunyoosha mguu mmoja hewani akizidiwa na furaha,
mtu mzima, ana cheo.

Leo sipo peke yangu juu ya kiti.
Zdravko, aliyekuwa wa mbele,
kauza yake mwezi wa pili. Macho yameaga,
kwanza la kulia, kisha la kushoto.
Kaja kwa basi, kofia kwapani,
kasimama kando ya pampu akijifanya anasoma bei.
"Nitapanda kwako," kasema, "maana wewe huna mbio."
Lilikuwa tusi. Nililipokea kwa mikono miwili.

Kranjska Gora tukaiacha ikipiga miayo.
Kona ya kwanza: lami inakatika, mawe yanaanza,
yamepangwa kama mikate juu ya sinia,
na chuma kizima kinatetemeka hadi kwenye meno.
"Moja," anasema Zdravko nyuma ya sikio langu.
Lami. Misonobari. Baridi yenye harufu ya utomvu.
Mawe tena.
"Mbili."
Kibao kipo, namba ipo, mimi naiona;
yeye anaisoma kwa makalio.

Ya nane, penye kanisa dogo la mbao
la wafungwa wa Kirusi waliochonga njia hii wakafunikwa na theluji,
akanigonga begani. Nikapunguza.
Miaka yote alipunguza hapa bila neno,
nasi nyuma yake tukapunguza,
tukidhani ni gia.

Abiria wengi hukaa kama gunia la viazi.
Huyu analala na kona kabla yangu,
nusu pumzi kabla.
Nilishindana naye hadi ya kumi na tatu, naona haya kusema,
kisha nikalegeza mikono, nikamfuata.
Klachi yangu, mlima wake.

Ya kumi na saba Tilen akaingia kwa pupa,
akatanuka, mguu ukaparaza mawe, akasimama ukingoni.
Moyo wa mamaye niliuona mgongoni.
"Nani kafunga breki kwa hofu?"
"Tilen."
"Mwambie atazame anakokwenda, si anakokuogopa."
Kisha akakaa kimya kona mbili nzima,
akasahau kuhesabu. Nikamhesabia.

Juu kabisa kondoo wamekaa katikati ya barabara
kama maofisa wa forodha.
Chupa ya chai, keki ya jozi ya Bogdana, vidole vinauma.
Kazi ya mkia ni kuhesabu. Nikahesabu:
pikipiki tano, kofia sita.
Mwaka jana vilevile, Tilen akiwa nyuma ya mamaye.
Mmoja kashuka kiti cha nyuma, mwingine kakipanda.
Jernej akasema hesabu haidanganyi,
akageuka upesi kuifuta miwani.

"Upande wa Trenta kona hazina mawe," nikamwambia Zdravko.
"Utahesabuje?"
"Nani kasema nitahesabu? Huko ni raha tu. Washa."

Nikawasha.
Nyuma yangu nikasikia kioo cha kofia kikifunguliwa, kaa!
akiuachia upepo wa Soča umpige machoni.