Nane ya Chokaa

Siku ya kwanza nilifika na dharau, tangi zima.
Miaka kumi na mmoja kijiwe cha Tandika Maguruwe,
vuli na masika, mishkaki wawili na gunia la vitunguu,
mimi nifundishwe nini juu ya Boxer?

Uwanja wenyewe ni yadi ya makontena, Kurasini,
zege lenye nyufa, na majani yaliyoota humo
yakinuka dizeli.
Koni hakuna. Kuna makopo ya rangi yaliyojazwa mchanga
na nane moja kubwa
iliyochorwa kwa chokaa ya kupakia kuta.

Mwalimu ni mwanamke mfupi, Bi. Hedwiga Komba,
glavu mkononi katika joto lile la Februari,
kovu limeshuka toka kiwikoni
kama barabara ya vumbi isiyo na kibao.
"Mbio mnazijua," alisema. "Nimekuja kuwafundisha polepole."
Tulikuwa kumi na wanne. Tukacheka wote.

Kisha akatupa ile nane.
Mguu usiguse chini. Klachi nusu.
Breke ya nyuma uikanyage
kama mkia wa paka unayempenda.
Nikaanguka kwenye tumbo la kwanza,
mwendo wa jongoo, pikipiki ikanilalia paja,
na Chupaki wa kijiwe cha Keko akapiga mluzi.
Mwendo wa jongoo! Mimi
ninayepenya kati ya malori mawili Barabara ya Kilwa
huku naongea na simu.

"Ulikuwa unatazama nini?"
"Kopo, mwalimu."
"Na umegonga nini?"
"Kopo."
Hakuongeza neno. Akaliinua, akalifuta vumbi,
akalirudisha mahali pake.

Mtoni kwa Azizi Ali, mwaka juzi, alfajiri.
Lori la saruji limeegeshwa bila taa.
Nililiona tangu mbali, nikalikodolea
kama mtu aliyekuta jina lake limeandikwa ukutani.
Kulia barabara ilikuwa wazi,
hata ng'ombe na mkokoteni wake wangepita.
Sikuiona.
Mama Tunu alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maandazi.
Anatembea, alhamdulillahi. Anatembea na fimbo.
Kijiweni nilisema breke zilikata.
Hata yeye nilimwambia hivyo hivyo.

Siku ya pili, breke ya mbele,
ile tunayoambiana kwamba inaua.
Vidole viwili, taratibu, taratibu, halafu kaza,
kama unavyobinya papai sokoni;
wewe umezoea kunyonga kuku, alisema.
Na hesabu ya bosi inalala,
elfu nane juu ya elfu nane,
simu inatetemeka mfukoni
kama mende ndani ya kibiriti.

"Kidevu! Geuza kidevu kwanza!
Jicho likishafika, gurudumu litafuata,
halina akili nyingine."

Siku ya tatu, saa tano, jua limeketi juu ya zege,
niliyaacha makopo yakae na mchanga wao.
Nikatazama nisikokuwa bado:
geti, mlinzi anamenya muhogo,
maganda yanaangukia viatu vyake.
Nane ikajikunja chini yangu, ikajikunjua,
ikajikunja.
Hakuna aliyepiga makofi. Chupaki mwenyewe
alikuwa nyuma ya kontena anakojoa.
Bi. Hedwiga akaweka tiki kwenye daftari,
akaita jina linalofuata.

Jioni nikapata abiria wa Mbagala,
kijana na begi lake la kompyuta.
Mtoni palikuwa na doa tu la mafuta,
au kivuli cha nguzo, sijui,
kidevu changu kilishageukia kulia.
Akanigusa bega.
"Braza, mbona hivi? Wewe mgeni mjini?"
"Ndiyo," nikamjibu. "Nina siku tatu."