Alhamisi ya Nne ya Novemba

Mwaka wa kwanza walikodi ghala la tumbaku.
Watu mia mbili na kumi na wawili. Nina hakika,
tiketi nilizichana mimi, binti wa miaka tisa,
nimekalia kreti la soda, miguu haifiki chini.
Ulingo ni mbao na turubai la lori;
kila aliyebwagwa alipandisha vumbi la tumbaku
na ghala zima likapiga chafya.

Baba aliuita Usiku wa Shukrani.
Mchana mji umekula bata mzinga,
usiku unakuja kudai damu.
Wafumaji wa kiwanda cha Harlow walipiga kelele
kama watu waliozeeka kando ya mitambo,
wasiojua sauti ya chini ni kitu gani.

Mwovu wetu alikuwa Baroni Krell,
mtu wa Ulaya, tuliambiwa.
Kwao ni maili kumi na nne, ukivuka reli.
Mwema wetu, Clete Yarborough, mtoto wa mfuma soksi.
Nilimchukia Baroni kwa moyo wote na meno yote,
hadi usiku nilipoamka kutafuta maji
nikamkuta jikoni kwetu na Clete,
wanagawana pai ya maboga kwa kijiko kimoja,
mama akimshona Baroni paji la uso
kwa uzi uleule wa joho lake.
Baba akaweka kidole mdomoni.
Changu nimekiweka hapo tangu siku hiyo.

Mwaka wa saba, jumba la jiji.
Wa kumi na moja, foleni ililizunguka kanisa la Wabaptisti mara mbili;
mchungaji akaahirisha ibada, akaja mwenyewe,
safu ya tatu, kofia imeshushwa hadi nyusi.
Wa kumi na sita, elfu kumi na tano ndani,
na kumbi tisa za sinema katika majimbo manne
zikitutazama kwa waya.
Clete akapanda kamba ya juu.
Aliye juu mngoje chini, na Baroni alimngoja,
chali, mikono wazi, kama mzazi.
Akaruka.
Naapa hakutua upesi.
Watu walisimama, na wengine nadhani
hawajakaa hadi leo.

Kisha wakaja wanaume wa suti kutoka kaskazini
na televisheni yao, na Alhamisi ileile.
Wakanunua misuli, wakatuachia magoti.
Clete aliaga kwa simu, akikohoa pasipo na kikohozi.
Mitambo ya Harlow ikapakiwa melini.
Nani sasa alipe dola kumi na mbili za kiti?
Baba akaongeza fataki. Akaongeza dubu.
Dubu akalala ulingoni.
Akaongeza ngazi, akaongeza waya wa miba,
damu ikazidi hadithi,
na damu isiyo na hadithi ni kazi ya bucha.

Sina mwaka wa kuunyooshea kidole niseme: hapa.
Tulivuta pazia jeusi kuficha viti vya juu.
Mwaka uliofuata, vya kati.
Uliofuata tena, pazia lilikuwa karibu hivi,
naligusa nikiwa mlangoni.

Wa arobaini, baba keshazikwa,
ukumbi wa michezo wa shule, chini ya kikapu cha mpira.
Watu sitini na mmoja.
Tiketi nilizichana mimi.
Baroni, miaka sabini na mitatu, goti la chuma,
akatokea na joho la mama
na mtoto mmoja, nyuma kabisa, akazomea.
Peke yake. Kwa moyo wote na meno yote.
Krell akasimama, akageuza shingo polepole,
kama mtu aliyesikia jina lake ugenini,
akamtupia Kijerumani chake cha uongo.
Mtoto akaangua kilio.

Baadaye nafagia bisi, mtoto huyo akanijia:
“Yule mzee ni mbaya kweli?”
“Mbaya mno,” nikamwambia. “Usimsogelee.”
Nje, ndani ya gari langu, taa zimezimwa,
Baroni alikuwa ameshika pai mapajani,
ananingoja, na kijiko kimoja.